Mchumba wa Neema na Nyama ya Kukatiwa

Dada Mage, shikamoo. Mimi na mwanao Neema wazima kabisa. Jua la Doha limepoa mwezi huu, jioni najifunga khanga mabegani.

Sasa lile ulilonituma. Jana huyo Mbrazili anayetaka kumuoa Neema katuita kwake Al Wukair, anachoma nyama uani. Mapande makubwa ya ng'ombe na mafuta yake, kayachomeka kwenye chuma kirefu kama upanga, chumvi ya mawe, basi. Hata tangawizi hana. Nimekaa nasubiri sahani yangu. Akaja na chuma chake, akanikatia kipande chembamba kama kucha, akapita zake kwa majirani zake aliowaalika.

Nikamnong'oneza Neema, "Mwanangu, huyu mchoyo. Utakufa njaa."

"Mama mdogo, we tulia. Kwao hawapakui, wanakukatia."

Kweli dada, akarudi. Akarudi tena. Nyama ikiiva kwa nje ananikatia mimi kwanza, halafu anairudisha motoni. Mafuta yananichuruzika mpaka kiwikoni, namwambia mkwe basi, yeye ananiongeza. "Shikamoo mama, kula." Kiswahili chake ndiyo hicho tu.

Tuliposhiba wote ndipo nikamwona kasimama pembeni ya jiko, anatafuna vile vipande vya mwisho vilivyoungua. Nikamkumbuka marehemu baba, naye alikuwa anakula mwisho.

Posa ipokeeni. Ila siku akija huko nyumbani, mpakulieni yeye kwanza.

Nimekumisi, dada yangu. Usinywe chai bila mimi.

Mdogo wako, Rozi