Mto wa Magoti

Jumamosi, 1 Juni

Siku ya kumi na tisa ya kuwa mke wa mtu! Naandika "mke wa mtu" na kalamu yenyewe inatabasamu. Leo Laazizi wangu kaniletea chai kitandani. Haina sukari, kasahau. Nimeinywa yote! Anachomelea mageti na madirisha kutwa nzima, anarudi mikono myeusi hadi viwiko, halafu ananishika uso kwa ncha za vidole tu, asinichafue. Nani atanilaumu nikiringa?

Kitanda chetu cha chuma kinalia. Kwii, kwii! Jirani wa upande wa pili wa ukuta kakohoa mara mbili. Tumecheka mpaka machozi. Laazizi kazunguka chumba kizima akitafuta kitu cha kuweka chini ya mguu mfupi, akakuta mto wangu wa magoti, ule mdogo alionishonea mama kwa vipande vya vitambaa nilipomaliza kidato cha nne, niupigie magoti kila alfajiri. Umeenea sawasawa! Kitanda kimenyamaza.

Nitasali bila mto. Kwani Mungu anaangalia mto?

Jumanne, 4 Juni

Saa kumi na moja alfajiri niliamka. Kweli niliamka. Mkono wake ukanilalia begani, mzito, wa moto. "Dakika tano tu, Malkia." Nikasema, Mungu ndiye aliyenipa mkono huu, ataelewa. Nimeshtuka saa moja kasoro! Nimefika kazini sweta nimeivaa ndani nje.

Alhamisi, 6 Juni

Aibu! Aibu ya kutaka kuhama mji!

Kanisani kwetu ukiolewa unatoka kikundi cha vijana, unaingia cha akina mama, na mgeni ndiye anayefungua kwa sala. Nimesimama. Nimefumba macho. Nimevuta pumzi kama mtu mzima, nikaanza kwa sauti: "Mume wangu, tunakuja mbele zako —"

Mtu mmoja akapaliwa. Kisha wote! Mama Mchungaji kajifunika uso kwa mtandio, mabega yanacheza. Wifi yangu, dada yake Laazizi, karibu adondoke kitini: "Jamani wifi! Kaka yangu hata kunyoa ndevu anasahau, leo anapokea sala?"

Nimecheka nao. Nilipomsimulia Laazizi, kasimama juu ya kigoda, kainua mkono: "Haya binti, sema shida yako." Mjinga! Nampenda mjinga huyu.

Lakini nikiosha vyombo nimejaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho nilisali peke yangu. Sikukumbuka.

Ijumaa, 7 Juni

Kazini tunashona sare za shule, na mwenzangu wa mashine ya vifungo kashapata habari. Siku nzima: "Mume wangu, nipe mkasi." "Mume wangu, uzi umekatika." Nilicheka mpaka saa nane, baada ya hapo haikuchekesha tena. Ulimi haukuteleza. Ulikwenda ulikozoea kwenda.

Kesho nautoa mto chini ya kitanda. Kesho kweli.

Jumatatu, 10 Juni

Sikuutoa.

Kipande cha chuma kimemrukia Laazizi jichoni. Alikuwa anasaga geti kwa mashine, kainua miwani ya kazi afute jasho. Mara moja tu. Macho yote mawili yamefungwa bendeji. Siwezi kuandika.

Jumanne, 11 Juni

Daktari kanieleza taratibu, kama anayefundisha. Jicho la kulia limeunguzwa kidogo na cheche, litapona. La kushoto ndilo lililoingiwa na kile kipande. Wamekitoa, lakini kama litaona, hajui. Ijumaa watafungua bendeji.

Naye kalala chali wodini, anauliza kama nimekula! Akawa anapapasa hewani, ananitafuta. Nikampelekea uso. Kaushika kwa ncha za vidole, vilevile.

Najua nilichofanya. Nilimweka mahali pa Mungu, mbele ya watu, kwa sauti. Na Mungu kasikia.

Jumatano, 12 Juni

Mama mkwe kafika na kikapu na chupa ya chai. Tumekaa benchi la nje ya wodi, nikamwambia yote. Sala, mto, kitanda. (Kitanda! Kwa mama mkwe!) Hakucheka. Kanimiminia chai.

"Mwanangu, kwani ulidhani Mungu ni mke mwenzio?"

Nikashika kikombe kwa mikono miwili.

"Mke mwenza ndiye anayehesabu zamu. Ndiye anayenuna akikusikia unacheka na mume. Huyu ndiye aliyekupa mwanangu, pamoja na kukoroma kwake kote. Leo anune kwa sababu umekifurahia alichokupa?"

Nikalia sana. Nikamuuliza, basi mbona nimepoa? Mbona simsikii kama zamani?

"Kwa sababu humwendei. Hakukufukuza mtu. Mto wako uko chini ya kitanda, kauchukue." Kafunga chupa, kaikaza. "Na mimi habari za hicho kitanda sikuzitaka."

Nimecheka. Mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Alhamisi, 13 Juni

Saa kumi na moja. Nimeinua kitanda kwa bega, nimeuvuta mto. Masikini mto wangu! Umebonyea katikati, shimo la duara la mguu wa kitanda. Nikapiga magoti papo hapo, goti moja likaingia shimoni.

"Mungu wangu," nikasema. Polepole, nisikosee. Halafu sikuwa na neno lingine. Nilingoja kukaripiwa. Wapi! Ilikuwa kama kurudi nyumbani umechelewa mno, unaingia kwa kunyata, unakuta sahani yako imefunikwa mezani. Hakuna anayekuuliza ulikuwa wapi. Kula kwanza.

Nilikaa hapo mpaka miguu ikafa ganzi. Ndipo nikaomba jicho. Nikamwambia pia: lione, lisione, kesho nakuja tena. Na nilimaanisha.

Mchana nimemwambia Laazizi kitanda kimeanza kulia tena.

"Kiache kilie. Nikirudi nitakichomelea kipande mguuni."

Kisha, taratibu: "Hata kwa jicho moja, Malkia. Mguu wa kitanda si kazi ya macho mawili."

Nimemshika mkono.

Ijumaa, 14 Juni

Alfajiri nimekwenda kwenye mto, kama nilivyoahidi. Sasa niko benchi la nje, daftari magotini, mama mkwe pembeni anakunja na kukunjua leso ileile.

Kabla hawajamwingiza kwa daktari kaniomba nisali. "Ila anza vizuri," kasema. "Usije ukaniita mimi tena. Mimi leo sina msaada." Muuguzi hakuelewa kwa nini tumecheka hivyo. Nimeanza vizuri.

Mlango uko wazi nusu. Namwona Laazizi mgongo tu. Muuguzi anafungua bendeji, anaizungusha kwenye vidole vyake, mzunguko baada ya mzunguko, ndefu kama haina mwisho. Daktari kamfunika jicho la kulia kwa kiganja. Anataka kuanza na la kushoto.

Laazizi anauliza leo nimevaa gauni gani.

"La —" kaanza muuguzi.

"Usiniambie! Mwiteni aje asimame hapa mbele."

Nimevaa la njano. Mama mkwe kanisukuma bega: "Nenda, nenda."

Mungu wangu. Mungu wangu, ni mimi. Nakwenda.