Wimbo wa Kurudi Nyuma

Baba watoto,

Maharage yako jikoni, yapashe moto polepole. Nguo zianue kabla mvua haijanyesha.

Asubuhi nilikwenda halmashauri kuomba ile leseni ya biashara ya teksi. Afisa akaniuliza mbele ya watu: “Mama, eti ukirudisha gari nyuma lazima uimbe, la sivyo unaingiwa na hofu?” Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nikauliza nani kasema. “Mumeo alipita jana, akaomba tukunyime.”

Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Wimbo ule ulinifundisha wewe mwenyewe, umenishika bega, ukaniambia hofu haipendi nyimbo. Kama unaona haya mkeo kuendesha teksi, si ungeniambia hapa hapa mezani?

Wakanipeleka uani nirudishe gari katikati ya mapipa. Nimelirudisha kimya, machozi yananitoka, sikugusa hata pipa moja. Leseni wamenipa.

~~Usinisubiri.~~ Watoto waambie nitarudi jioni.

Gari naondoka nalo, naanza kazi leo. Getini nitatoka kinyumenyume, mdomo nimeufunga. Wimbo wako nakuachia hapa, pamoja na maharage.

~~Mkeo~~
Mama watoto