Honi Mbili Rumonge

Dada Zuhura, amahoro kutoka Rumonge.

Joto iko kali huku, ila mukeke wa kuchoma, yule samaki unayempenda, ni mutamu kabisa. Uliniahidi nikichelewa kwenye sahani utapiga honi ya gari lako hili nililokuja nalo, kwa simu tu, ukiwa hukohuko Bujumbura. Mchana huu ulipobonyeza zililia honi mbili: yako, na ya kamyo ya mawese iliyosimama pembeni. Mwenye kamyo akaniambia, "Ndugu, hii kitu iko na shetani."

Nikamuuliza maswali mawili matatu. Kumbe fundi aliyetufungia garini kidude cha intaneti, kile kinachopokea amri za simu yako, ndiye aliyemfungia na yeye, akaviacha vyote na jina moja na neno la siri moja, 1234. Yeyote angeweza kutufungulia milango ya gari. Chetu nimekibadilisha palepale. Chake nitambadilishia tukishakula.

Simu yako bado inatuma 1234, kwa hiyo sasa ukibonyeza inalia kamyo peke yake. Mwenyewe anakimbia kuiangalia, na samaki wake anabaki na mimi. Ndiyo maana nimekuandikia kadi badala ya kukupigia simu: ikikufikia nitakuwa nimeshashiba. Mungu akulinde, dada yangu, na kidole chako kisichoke.

Mdogo wako,
Hamisi