Sanduku la Kanda Ghalani

Jumatatu, 3 Machi
Nimeanza wiki kama kawaida. Kunakili picha za kamera kutoka kwenye diski kwenda kwenye kanda. Kamera nne za ghala, wiki nzima, kanda moja. Diski ikijaa hufuta za zamani, mwezi tu zimekwenda. Kanda inatunza. Nimeandika tarehe, nimeitia kwenye sanduku la chuma, pamoja na mkaa niliofunga kitambaani wa kunyonya unyevu. Meneja kapita, kacheka. Eti zama hizi nani anatumia kanda, kama za redio ya babu yake. Nimefunga swaumu, sina mate ya kupoteza.

Jumanne, 4 Machi
Mambo yameharibika. Wakaguzi wanasema korosho za Nkowe, kule Ruangwa, zimepungua magunia kumi na manne. Za wenzao wa Kilimarondo zimezidi, lakini cha kuzidi nani anakilalamikia.
Meneja kamtaja Mzee Hamisi, mlinzi wa lango. Ushahidi hana. Ni kwamba Mzee ndiye mwenye ufunguo. Kapewa mpaka Jumatatu ajieleze, la sivyo polisi. Na Mzee mwenyewe ni mtu wa Nkowe. Kaniambia neno moja tu, mikono nyuma:
"Mwanangu, nikiiba za Nkowe nitazikwa wapi?"

Jumatano, 5 Machi
Nimemwambia Meneja picha za msimu wote ninazo, kwenye kanda. Hakupenda. Kasema kutafuta humo ni kupoteza wiki, na chumba kinatakiwa kwa ajili ya maturubai. Sanduku litoke kesho, likachomwe na takataka.
Kuchomwa! Miaka sita ya kazi yangu. Silitoi. Anitoe mimi kwanza.

Alhamisi, 6 Machi
Kanda haina njia ya mkato. Lazima irudishwe yote kwenye diski ndipo itazamike. Saa tano umeme ukakatika, nikaanza upya. Saa nane ukakatika tena. Swaumu, joto, hasira.
Nimelikalia sanduku. Kweli, nimelikalia kabisa. Wapagazi wawili walitumwa walichukue. Walinitazama, wakaenda kumwambia Meneja hawajaliona. Mungu awape heri.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeiona.
Novemba, alasiri. Korosho za Nkowe zilikutwa na unyevu, zikamwagwa uwanjani juu ya turubai zikauke. Wingu likaja. Hapa kwetu mvua ikinusa korosho hakuna cheo. Karani, mpagazi, mama lishe, wote mnakimbia kukusanya, na hakuna anayeuliza za nani. Magunia ya Nkowe yalishalowa. Mtu katoka stoo na bunda la magunia makavu, anagawa huku na huku. Yana alama nyekundu, ya Kilimarondo. Yakajazwa, yakashonwa, yakapangwa kwenye rundo la Kilimarondo. Nimehesabu mara tatu. Kumi na manne.
Mzee Hamisi naye yumo. Kashikilia turubai lisipeperuke, kalowa chapachapa.
Mtu wa bunda kavaa ushungi wa kijani. Ushungi wangu.

Jumamosi, 8 Machi
Ninaogopa. Niandike hivyohivyo. Hakuna aliyeona ila mimi. Sanduku likichomwa leo, Meneja atafurahi na mimi nitasalimika. Nimeliwaza hilo muda mrefu kuliko ninavyotaka kukiri.
Halafu nikajikasirikia. Nimelipigania mbele ya watu kwa sababu halijui kupendelea. Sasa limenitaja mimi ndiyo nilichome? Thubutu.

Jumatatu, 10 Machi
Nimewaonyesha wote. Meneja, wakaguzi, viongozi wa Nkowe waliokuja kwa bodaboda wamejaa vumbi, na Mzee Hamisi mwenyewe. Sikungoja waulize. Nimesimamisha picha, nikasema: "Huyo ni mimi. Magunia niliyatoa mimi."
Kisha Meneja akauliza kwa nini sikuandika kwenye daftari. Nimemwambia ukweli. Mvua ilipokatika nilikwenda kubadili nguo, nikasahau. Kasema barua ya onyo itakuja. Ije. Nimemwambia sanduku linabaki palepale, na hilo aliandike kwenye barua yake.
Mzee Hamisi hakunilaumu. Hakunishukuru pia. Ana haki.

Jumatano, 12 Machi
Barua imekuja. Nimesaini. Mzee Hamisi karudi langoni. Nimempa shikamoo, kaitikia marahaba kama siku zote. Mchana kaja na mkaa mpya, umefungwa kwenye kitambaa safi. Kauweka mezani, kaenda zake.
Nimeutia sandukuni. Kanda ya Novemba nimeirudisha mahali pake, ya kwanza mkono wa kushoto. Nimeandika juu yake kwa kalamu nene: ISIFUTWE. Chini nikatia jina langu.