Bima ya Maharagwe

Mtaa wa Dallas, Embu
Jumamosi asubuhi

Kwa mwanangu mpendwa Gedion,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Natumaini wewe na mke wako Ntinyari hamjambo, na kwamba baridi ya Kanja haijamshika mtoto kifua tena. Mama yangu naye nasikia bado anabishana na kila mtu, kwa hivyo najua yuko na nguvu.

Huku mimi na mama yako mdogo Winfred tuko. Sauti ndiyo haijarudi. Hebu fikiria, mimi niliyekuwa nikiita ng'ombe wetu jioni hapo Kanja, na ng'ombe za watu wa Runyenjes zinageuka kuja! Sasa nanong'ona kama mtu anayesengenya kanisani. Ndiyo maana nimeandika. Tena simu yetu ni moja, na Winfred huisoma.

Nilipata ujumbe wako kwamba umepata mnunuzi wa shamba la kahawa la ndugu yangu, marehemu baba yako, na kwamba bodi ya ardhi inakaa Jumanne, nami natakiwa nifike niseme mbele yao kwamba familia imekubali. Ulisema pesa yote iende kwa oparesheni ya koo langu kule Nairobi, na nisione haya hata kidogo, kwa sababu nikipona tutashukuru Mungu, na nisipopona bima yangu italipa na utanunua shamba lingine. Nilimpa Winfred asome, akalia kwa furaha. Mimi nilitoka nje nikasimama kando ya tenki la maji mpaka akaniita chai.

Kabla sijakujibu, acha nikufundishe mambo ya bima ya maisha, maana katika ukoo wetu hakuna anayeyajua kama mimi. Ni kweli niliachia shule darasa la saba. Lakini siku yule ajenti wa bima, Winrose, alipokuja kwetu kazini kwa depo ya mbolea, nilimuuliza maswali mpaka akaomba maji ya kunywa. Wakubwa wake wakapata habari, wakataka niende nifundishe maajenti wote wa mlima huu. Nilikataa kwa sababu ya tai. Mimi sifungwi shingo.

Sasa sikiliza. Kuna bima ya muda. Hiyo ni maharagwe. Unalipia kidogo, kwa miaka mliyoandikiana. Ukifa mazao yakiwa shambani, watu wako wanavuna, na wanavuna vizuri. Muda ukiisha ukiwa hai, shamba ni tupu, na huwezi kudai hata mbegu. Kuna bima ya maisha yote, hiyo ni kahawa. Ni ghali, unailipia mpaka mgongo unauma, lakini inasimama hapo hadi siku ya kufa kwako, hata ukifikisha umri wa Methusela, na uliowaacha lazima wavune. Ukikwama katikati unaweza kuivunja wakurudishie kidogo, lakini ni kidogo cha kutia huruma. Halafu kuna bima ya akiba, mti wa mbao. Unapanda ukijua mwaka wa kukata. Ukiufikia mwaka huo, unakata mwenyewe. Ukifa kabla, wanakatiwa watoto. Ya mwisho ni ya kikundi, ile mwajiri anawalipia wafanyakazi wote pamoja. Hiyo ni kivuli cha mti wa jirani. Siku unafukuzwa kwa jirani, jua ni lako.

Unaona? Hata mhadhiri wa chuo hawezi kukueleza hivyo.

Unakumbuka kwa mazishi ya baba yako nilisimama karibu na kaburi, wale wa kamati wakiwa bado wanahesabu michango, nikatangaza kwamba siku yangu ikifika hakuna mtu atasumbuliwa na harambee. Nikasema mimi nina bima kubwa, watu watakula nyama na familia yangu itabaki imesimama. Mzee Mutwiri, mwenyekiti wa kamati, alitikisa kichwa akasema kijiji kingekuwa na wanaume watatu kama mimi kingekuwa mji. Siku hiyo nilitembea kama nina mabega mapya.

Gedion, nilichokuwa nacho ni maharagwe.

Na hata hayo sikuyaelewa wakati huo. Haya yote nimekufundisha nimeyajua mwaka huu. Winrose alinieleza, ndiyo, lakini nilikuwa nikijibu kabla hajamaliza. Mimi nilichukulia kama kiwanda chetu cha kahawa. Unapeleka mzigo, unapeleka, wanakaa na pesa yako kimya, halafu siku moja wanatangaza bonasi. Nikasema bima ni hivyo hivyo. Kila mwezi nilikuwa natuma nikicheka peke yangu, nikifikiria bonasi ile vile itakuja.

Mwezi wa tatu nilienda ofisi ya bima kuiulizia. Nilivaa koti. Msichana wa pale dirishani alitazama kompyuta, akaniambia kwa heshima sana kwamba muda wangu uliisha Desemba. Nikamuuliza bonasi iko wapi. Akasema bima ya aina hiyo haina. Halafu akanipongeza. Akasema nimshukuru Mungu kwa sababu nimeishi, wengine hawamalizi.

Nikamwambia basi anipe nyingine, sasa hivi, na iwe kahawa. Akaanza kuniuliza kama kuna ugonjwa wowote ninaoujua. Wewe unanijua. Nimeuambia ulimwengu huu kwamba niliwahi kumfukuza ndovu wa msituni kwa kofia. Uongo haujawahi kunishinda. Lakini nilipofungua mdomo nimjibu, ile sauti iliyotoka ilimwambia kila kitu. Akaacha kuandika.

Na ile ya kikundi, ya depo? Depo ilifungwa Januari. Hapa nyumbani nimesema nimepewa likizo ya ugonjwa. Kwa hivyo hakuna bima, mwanangu. Hakuna ya aina yoyote. Nikifa leo, mtapitisha karatasi ya michango kama kwa mtu mwingine yeyote, na Mutwiri atasoma jina langu.

Kuna jambo lingine. Daktari aliniambia nikiwa peke yangu kwamba kitu hiki kimeshashuka kifuani. Nilimuuliza oparesheni itasaidia nini, akasema tunaweza kujaribu. Alisema hivyo akiangalia kalamu yake.

Usiuze. Jumanne sitafika mbele ya bodi, na bila mimi hawawezi kupitisha, kwa maana cheti cha shamba bado kina jina la babu yako. Nenda umwambie mnunuzi kwamba anko wako amekataa. Sema ni roho mbaya, sema nina wivu na mali ya ndugu yangu, mimi nitabeba. Kata matawi ya kahawa kabla ya mvua, maana ulivyoelezea imekuwa msitu. Na wakati ukifika, mpe Winfred ile mistari ya kahawa ya chini karibu na mto, na mahali pa kuweka jiko. Hana kwingine. Mimi bado sijamwambia. Kila asubuhi najipanga nimwambie, halafu ananiletea uji.

Msalimie Ntinyari na umbusu mtoto. Mama yangu usimwambie kitu, mwambie tu nimenenepa. Mungu awalinde hapo mlipo.

Barua hii Winfred mwenyewe ndiye anaipeleka kwa magari ya Kanja. Nimeifunga kwa gundi. Ameniuliza ni nini kirefu hivyo, nikamnong'onezea kwamba nakueleza vile tutajenga nikitoka Nairobi. Amevaa viatu vyake vya kanisa.

Ni mimi baba yako mdogo,
Njiru