Programu ya Baba Yako Imenisalimu

Makandana, Tukuyu

Godwin,

Mwongo mkubwa wewe! Nani alikwambia programu ya marehemu baba yako imekufa? Eti kompyuta mpya za vipicha haziwezi kuifungua, na zile disketi ulizoondoka nazo baada ya matanga utazitupa. Thubutu!

Jana dada yako Tusekile kachomeka moja iliyobaki hapa. Katikati ya vipicha pakafunguka kidirisha cheusi, herufi nyeupe zikatokea: "Ugonile, juuba." Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakaja! Umeamkaje, mama! Ndivyo mwanangu Yohane alivyonisalimu kila asubuhi. Nikaitikia kwa sauti, "Ndaga!" Mashine kimya. Tusekile akacheka: "Bibi, haisikii hiyo! Haifunguki mpaka niandike jibu." Akaandika, zikajaa nyimbo za kwaya alizotunga baba yako. Tumeziimba mpaka sauti zimekauka.

Sasa ona, marehemu ananisalimu. Wewe mzima, tangu tumzike hujakanyaga hapa.

Panda basi, uzilete hizo disketi mwenyewe. Na ukifika mlangoni, salimu kwanza.

Ni mimi bibi yako mzaa baba,
Esnath