Gari Lililonishinda

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Rhotia hatujambo. Bibi yako anapukuchua mahindi na anakusalimu. Umeuliza kama niliwahi kushindwa na gari.

Nikiwa fundi kijana Karatu, mfanyabiashara mmoja aliniletea gari la mbio lililokuwa likikohoa, lenye turbo ya kusukumia hewa kwenye injini, na injini yenyewe ni ya rota inayozunguka, haina pistoni. Niliona aibu kusema siijui. Nikaichokonoa siku tatu, ikazidi kukohoa.

Tukalipeleka Nairobi kwenye mashine ya kupima nguvu ya injini, gari likisimama juu ya rola. Magurudumu yalizunguka kwa kasi, gari halisogei. Kichwa kikaniwanga.

“Tatizo nini?” mama fundi wa pale akaniuliza.

“Sijui, mama.”

“Hata mimi sijui bado. Ndiyo maana tunapima.”

Akapunguza presha ya turbo, akapima tena na tena, mpaka gari likaacha kukohoa. Tuliporudi, lilipanda hadi lango la Ngorongoro bila kusita.

Mpaka leo injini ile sijaielewa, na usingizi napata vizuri tu.

Babu yako,
Safari